Mgomba Tuliouzika kwa Jina la Owor

Harriet alirudi kutoka safari ya shule akiwa na karatasi ya manjano mkononi, na hakutaka kula. Mjukuu wangu hajawahi kukataa majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim tangu aote meno, kwa hiyo nilijua kuna jambo. Sikumuuliza. Mtoto mwenye jambo ni kama mtu aliyebeba maji kichwani, ukimshtua atayamwaga. Nilimsogezea kigoda, nikaendelea kumenya viazi.

Kwanza alinisomea ile karatasi. Walikuwa wamepelekwa Tororo, kwenye Nyumba ya Sanaa iliyofunguliwa ndani ya jineri ya zamani ya kuchambulia pamba, ile ambayo baba yangu alikuwa akipelekea pamba yake. Karatasi ilieleza mambo yanayokuja. Maonyesho ya Vitu Vilivyovuka Mpaka yalikuwa ya mwezi mzima. Ijumaa saa tisa alasiri ingeonyeshwa filamu kuhusu wapiga muziki wa Busia, Busia zote mbili, ya Uganda na ya Kenya. Jumamosi saa nane kungekuwa na muziki jukwaani: ngoma za Wateso, kwaya kutoka Masinya, na mwisho mpiga tongoli asiyetaja jina. Wote mnakaribishwa, ilisema, na wazee watapewa viti. Niliona hilo ni jambo zuri, mtu kuwafikiria wazee kabla hawajafika.

Kisha akafungua daftari lake.

"Jaja, kuna tongoli pale, ndani ya kioo. Nimenakili maneno yaliyoandikwa chini yake. Usikasirike."

Akasoma: "Tongoli ya marehemu Owor wa Mulanda. Imeletwa na mwenyewe."

Nilimwambia arudie, akarudia. Maneno yalikuwa yaleyale.

Mulanda ndiko kwetu. Owor ni mwanangu, na ndiye baba wa Harriet. Tongoli ni kinanda cha nyuzi cha sisi Wapadhola, na yeye alikipiga tangu akiwa mdogo kiasi kwamba kilimfika kidevuni. Miaka kumi na sita iliyopita alialikwa kupiga kwenye harusi ng'ambo ya ziwa, upande wa Kenya. Alikwenda na rafiki yake Emoit, kijana wa Kiteso aliyekuwa akiimba naye. Walipanda mtumbwi Majanji asubuhi, upepo ukaupindua. Waliokolewa wengi. Emoit alipatikana siku ya tatu, akazikwa kwao. Owor wangu hakupatikana kabisa. Harriet alikuwa bado ananyonya.

Tulingoja miaka minne. Watu walikuwa wema. Kuna aliyekuwa akiniwekea kuni mlangoni kila wiki, na mpaka leo sijajua ni nani. Lakini ukoo hauwezi kungoja milele. Kwetu, mtu ambaye mwili wake haukupatikana haachwi atangetange. Tunakata mgomba wa urefu wake, tunauvisha nguo yake, tunaulilia, tunauzika. Baada ya hapo amezikwa kama wengine. Jina lake halitajwi ovyo, na mama yake haitwi tena kwa jina hilo; mimi nikawa Mama Harriet, kwa jina la mjukuu. Othieno, ndugu wa marehemu mume wangu, ndiye aliyesimamia mambo yote. Mgomba ulivishwa shati la bluu la Owor, na vifungo nilivifunga mimi. Harriet, akiwa na miaka minne na miezi, alishikwa mkono akatia udongo wa kwanza, kwa sababu ndiye mtoto wa mwenye kaburi. Juu tukaweka msalaba wa saruji wenye jina.

Kosa tulilofanya lilikuwa dogo. Mgomba wa kuzika hukatwa juu ya shina, mizizi ikabaki shambani. Siku ile mvua ilikuwa inakuja, na waliotumwa waliung'oa mzima pamoja na kitako chake. Othieno aliona, lakini watu walikwisha kusimama kaburini na mawingu yalikuwa meusi, akasema acheni tu. Basi mwaka uliofuata mgomba uliota juu ya kaburi. Jani la kwanza lilichomoza limejikunja kama kitu kilichoshikwa ndani ya ngumi. Othieno alilikata. Likaota tena. Amekuwa akilikata miaka yote hii, na kuku wetu hawachakuri pale, ingawa udongo ni laini.

Kuna jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Mwaka huohuo wa jani la kwanza nilirudi kutoka soko la Nagongera mchana, nikakuta mtungi wa jikoni umefunuliwa. Maji yalikuwa yamepungua, na kata ya kunywea imelazwa kifudifudi juu ya jiwe. Sisi huitundika. Mtu mmoja tu katika nyumba yangu alikuwa na tabia ya kuilaza kifudifudi. Mbwa alikuwa amelala kivulini, ametulia. Niliitundika ile kata, nikanyamaza. Mama anayelilia mgomba anaweza kuona mengi.

Haya yote niliyafikiria viazi vikiwa mapajani mwangu. Harriet alikuwa ananitazama.

"Tutakwenda Ijumaa," nikamwambia. "Sasa kula."

Alikula kidogo, kwa ajili yangu.

Isaac, jirani yetu mwenye boda boda, alitupeleka. Alikunja gunia akaliweka pale ninapokalia, kwa sababu anajua nyonga yangu, na kila penye shimo alinionya kabla hatujafika. Jineri ilikuwa imepakwa chokaa nyeupe, lakini ndani ilikuwa bado inanuka mbegu za pamba, harufu ya mafuta na vumbi. Mlinzi wa pale, Okumu, alinishika kiwiko kwenye ngazi. Hakunivuta. Alingoja mguu wangu uamue.

Vitu vilikuwa vimepangwa kando ya kuta, kila kimoja na kadi yake. Kulikuwa na baiskeli yenye kiti cha sponji, ya zile za kwanza zilizokuwa zikibeba watu kutoka forodha moja hadi nyingine. Kulikuwa na kengele ya kanisa, na mlango wa nyumba ambayo ilibomolewa upande mmoja ikajengwa upande wa pili. Mwisho kabisa, peke yake, ile tongoli.

Sikusoma kadi. Niliangalia ngozi. Owor alipokuwa na miaka kumi na sita ngozi ya tongoli yake ilipasuka, nami nikaiwekea kiraka cha ngozi ya mbuzi kwa uzi mwekundu niliouchomoa kwenye sweta langu. Uzi ulipoisha nilimalizia kwa mweusi. Nilihesabu mishono myeusi. Ilikuwa mitano, kama nilivyoiacha.

Nyuma yangu msichana mmoja akauliza kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye Mama Owor?"

Kwa miaka kumi na miwili hakuna aliyeniita hivyo. Kabla sijageuka, kiti kilikuwa tayari nyuma ya magoti yangu.

Huyo msichana alikuwa Carol, Msamia wa Busia ya Kenya, ndiye anayepanga maonyesho. Aliniita Kukhu, kama Wasamia wanavyowaita bibi zao, akachuchumaa ili nisimwangalie juu.

"Mtu aliyeileta aliniambia hivi," akasema. "Akija mama mzee akaangalia mshono badala ya kusoma kadi, huyo ni Mama Owor. Usimwambie mengi. Mpe kiti."

Nilimuuliza mtu huyo yukoje. Mrefu, akasema, kofia imeshuka usoni, mzee kuliko sauti yake. Hakuacha namba ya simu.

"Nilidhani ananicheza, Kukhu. Nikamuuliza, huyu marehemu ni nani yako? Akasema, ni mimi. Mkubwa wangu alitaka tuibadilishe kadi, eti ni makosa ya kuandika. Nikakataa. Kitu ni chake, na ndivyo alivyosema."

"Alikuwa na kivuli?" nikamuuliza.

Nilishukuru kwamba hakucheka. Alifikiri kweli, kama mtu anayetafuta ufunguo aliouweka mahali.

"Alisimama mlangoni," akasema, "na jua lilikuwa nyuma yake. Sikuangalia chini."

Saa tisa ilipofika walifunika madirisha yote kwa vitambaa vyeusi. Nje kulikuwa na jua kali juu ya Jiwe la Tororo, ule mwamba mkubwa wa mji, na humu ndani ikawa giza la kupapasa. Nilikaa mbele na Harriet. Nyuma yetu kulikuwa na watu kama sitini, wanaokohoa, wanaokula karanga. Picha ikatokea ukutani.

Mwanzo ilikuwa ni Busia tu, malori kwenye foleni, wanawake wenye mayai, kijana anayepiga gitaa la kopo. Watu walicheka walipoona wanaowajua. Halafu kikaja chumba chenye dirisha dogo, na mikono ya mtu. Mikono tu, na tongoli mapajani. Ilikuwa tongoli nyingine, mpya. Mkono wa kulia ulilowanisha kidole gumba kwenye ulimi ambao hatukuuona, kisha ukagusa uzi wa chini kabisa kabla ya nyuzi nyingine. Sijamwona mtu mwingine akionja uzi hivyo. Yeye hakufundishwa, alizaliwa nayo.

Mwanamke aliyetengeneza filamu, ambaye hakuonekana, alimwomba ainue uso. Ile sauti ikajibu, "Uso wangu usiuonyeshe. Kwetu mimi ni mtu aliyezikwa."

Mwanamke akacheka kidogo, akauliza anamaanisha nini.

"Namaanisha nimezikwa. Nilikwenda nyumbani siku ya soko. Nilizunguka nyuma ya jiko, nikaona kaburi langu, jina langu kwenye saruji, na mgomba umeota juu yake. Nikanywa maji, nikarudi. Aliyezikwa hapigi hodi. Akipiga hodi, yule atakayemwitikia ndiye atakayemfuata."

Kisha akapiga. Sitasema alipiga nini. Harriet aliushika mkono wangu kwa mikono yake miwili.

"Jaja," akaninong'oneza, "hiyo ndiyo sauti yake?"

Alikuwa hajawahi kuisikia. Nikamwambia ndiyo, imezeeka, lakini ndiyo.

Nyuma yetu mwanamke mmoja alisema huo ni mzimu, waufungie mlango. Mwenzake akamjibu kwamba mizimu ya siku hizi inatafuta wafadhili. Watu wakacheka, na mimi sikuwakasirikia. Mtu anayeogopa gizani lazima acheke na mtu.

Vitambaa vilipoondolewa Carol alikuja. Alisema mpiga tongoli wa kesho ndiye huyohuyo. Ameomba atundikiwe shuka jukwaani, apige akiwa nyuma yake. Na amesema kwamba baada ya Jumamosi anahama, anakwenda mbali upande wa pwani, harudi huku tena.

Hapo nikaelewa nimewekwa mahali gani. Kama yule ni mwanangu aliye hai, na mimi nikae kimya nyuma ya hofu yangu, ataondoka safari hii kabisa, na nitakuwa nimemzika mara ya pili kwa macho yangu. Na kama si hai, nikimwita akaitika, au akiniita nikaitika, mimi ndiye nitakayefuata, na Harriet atabaki na nani? Mama yake aliolewa Iganga na ana watoto wengine. Ni mwanamke mwema, hutuma salamu, lakini salamu hazipiki. Filamu nayo haikunisaidia. Ndani ya filamu hata wafu huongea vizuri tu.

Jioni hiyo, jua likiwa bado juu, nilikwenda kwa Othieno. Alikuwa anatengeneza banda la kuku. Nilimweleza yote tangu kadi hadi shuka. Alisikiliza bila kuweka nyundo chini, kisha akasema, "Mama Harriet, umekwenda sinema mara moja tu katika maisha yako, na umeshaleta mzimu nyumbani."

Nilingoja. Othieno hutania kwanza, ndipo hufikiri.

Aliuliza kama yule mtu alionekana akila. Akauliza kuhusu kivuli, nikamwambia yale ya jua. Nilipofikia maneno ya siku ya soko na maji, aliketi juu ya tofali. Akaniambia kwamba siku ile alipita nyuma ya jiko langu akaona nyayo za mtu mrefu zimefika hadi kaburini na kurudi. Alichukua ufagio akazifuta, nisije nikaogopa. Amezibeba moyoni miaka yote hii, na kila alipokata lile jani alikuwa akifikiria zile nyayo. Sikujua kwamba tulikuwa wawili, kila mmoja ameficha nusu yake ili kumwonea huruma mwenzake.

Othieno akainuka kwenye tofali. Kisha akasema sheria anaijua, babu yake aliiona ikifanywa mara moja. Aliyezikwa akiwa hai hawezi kurudi mpaka kaburi liwe tupu, na wa kulifungua ni yule aliyetia udongo wa kwanza. Kama ni mfu, kufungua kaburi hakutamleta. Kama ni hai, ataona njia.

"Na usimwite kwa jina," akasema. "Jina tulilizika. Hilo halitoki."

Jumamosi alfajiri, mwanga ulipoanza kutenganisha miti, tulisimama pale watatu. Nilimwambia Harriet anaweza kukataa. Alifunga kitambaa kichwani, akapiga magoti, akachota udongo kwa mkono uleule wa kuume, akautupa nyuma yake. Ndipo Othieno akaanza kwa jembe.

Hatukuchimba sana. Nilitegemea kukuta uozo, na matambara. Lakini shati lilikuwepo. Rangi ilikuwa imekwisha, vifungo vilikuwa vimefungwa vyote kama nilivyovifunga, na ndani yake mgomba wa zamani ulikuwa umeoza, lakini mizizi ya ule unaoota ilikuwa imeingia. Ilikuwa imejaza kifua. Ilikuwa imeingia kwenye mikono ya shati yote miwili hadi mwisho, na pale kwenye pindo za mikono ilichomoza nje, mizizi minene myeupe, imejikunja kuelekea juu.

Othieno aliweka jembe chini. Aliniangalia, na nikaona kwamba huyu mwanamume wa miaka sabini anataka kukimbia, na kwamba hatakimbia kwa sababu mimi nipo.

Aliyeingia shimoni ni Harriet. Alilishika lile shati kwapani, kama unavyomwinua mtoto aliyelala, akavuta. Halikutoka. Akavuta tena huku akisema maneno ambayo sikuyasikia. Nilimuuliza baadaye alisema nini, akasema alikuwa anaomba radhi, alikuwa mdogo, aliambiwa tia udongo akatia. Mara ya tatu ardhi iliachia kwa sauti kama ya mtu anayevuta pumzi. Mgomba wote ukatoka, na shina, na kila mzizi. Tuliuchoma palepale na shati lake. Ulichelewa kushika moto, na moshi haukupanda. Ulitambaa chini hadi nyuma ya jiko, ukakaa hapo. Othieno akang'oa msalaba wa saruji akaulaza. Shimo akaliacha wazi.

Saa nane jineri ilikuwa imejaa. Wateso walipiga ngoma mpaka vumbi la pamba likashuka kutoka kwenye boriti. Kwaya ya Masinya iliimba vizuri. Okumu aliniletea maji bila kuombwa, na aliponipa kikombe alikigeuza ili mahali palipopasuka pasiwe upande wa mdomo wangu. Kisha wakatundika shuka nyeupe, taa ikawekwa nyuma yake.

Kivuli cha mtu kikaketi juu ya shuka. Basi kivuli anacho, nikajiambia, lakini moyo haukutulia. Taa hufanya lolote.

Alipiga nyimbo mbili. Alikuwa hodari kuliko alivyoondoka, na mwenye huzuni zaidi. Nyuma yangu mtu alilia. Mimi sikulia, nilikuwa nikipanga maneno yangu kama mtu anayevuka mto kwa mawe, nisikanyage jina. Wimbo wa pili ulipokwisha nilisimama. Harriet alinishika upande mmoja, Othieno upande wa pili. Nilitembea hadi karibu na shuka, hata nikasikia anavyopumua, au nilivyotaka kusikia.

"Shimo liko wazi," nikasema. "Hakuna mtu ndani."

Uzi mmoja ulilia, ukazimwa kwa kiganja.

Niliona kivuli kimeinamisha kichwa. Nilijua kwamba nimeshasema, na kwamba kikinijibu kitu ambacho si mwanangu, mambo yangu yamekwisha. Sikutaka kufa. Nina miaka sabini na miwili na nilitaka kurudi nyumbani na mjukuu wangu. Hata hivyo nilisimama.

"Nani ametoa udongo wa kwanza?" sauti ikauliza.

"Yule aliyeutia," nikasema.

"Ni nani?"

Nilitaka kujibu, Harriet akanitangulia. Alisema, "Ni mimi. Nilikuwa na miaka minne. Sasa nina kumi na sita."

Kivuli kikasimama. Kilikuwa kirefu, kichwa kikatoka juu ya shuka, na watu wote wakapiga makofi. Walidhani ni mchezo uliopangwa. Walipiga makofi na vigelegele, na wengine wakasema maonyesho ya mwaka huu ni mazuri kweli. Carol hakupiga. Okumu naye hakupiga. Alikwenda kufungua mlango wa nyuma, ule waliokuwa wakipitishia marobota ya pamba, akausimamia ili usijifunge, na kila aliyetaka kutokea hapo alimwambia kwa upole azunguke.

Tulimkuta nje, juani. Nilitazama chini kwanza. Kilikuwepo, kimelala kwenye majani, kifupi, cheusi, kimeunganishwa na miguu yake. Ndipo nikamtazama usoni. Alikuwa amepoteza meno mawili na ndevu zilikuwa na mvi. Hakunisogelea. Alisimama kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Umekula?" nikamuuliza.

Akasema hajala tangu jana. Othieno akageuka akatazama Jiwe la Tororo kwa muda mrefu, akifuta macho kwa mkono wa koti.

Njiani alitueleza. Siku ile ya mtumbwi aliikumbatia tongoli, ikamweka juu ya maji hadi akaokotwa upande wa pili. Emoit alikuwa ameshika mguu wake, kisha hakuwa ameshika tena. Hakuweza kurudi akakutana na mama wa Emoit, mama Atai, yeye akiwa mzima. Alisema mwezi ujao, akasema mwaka ujao. Alipopata nguvu ya kurudi, alikuta sisi tumeshamaliza.

Nyumbani hakupita langoni, maana aliyezikwa haingii kwa mlango. Othieno alibomoa kwa mikono yake ukuta wa nyuma wa jiko langu, tundu la kumtosha mtu aliyeinama, na mwanangu akaingia kwa kutambaa, kichwa kwanza, udongo ukimwangukia mgongoni. Mimi nilikaa upande wa ndani nikampokea kama nilivyompokea mara ya kwanza, ila sasa ni mzito. Kisha alitoka akasimama kando ya shimo, akaangalia ndani mpaka akaridhika. Harriet alikuwa amesimama mbali kidogo. Hawakushikana mikono. Alimletea kigoda, akakiweka penye jua, kwa sababu aliona anatetemeka.

Hii ni wiki ya pili. Shimo limefukiwa. Jumatatu alikwenda kwa mama Atai, akaenda na Othieno, na walikaa kutwa. Hakuniambia walichozungumza, lakini yule mama alimpa kuku wa kurudi naye, na mtu hampi kuku mtu anayemchukia.

Jina hana bado. Lile haliwezi kutumika, na ukoo utakaa Jumapili ijayo kumtafutia lingine. Nimewaambia wasiharakishe, mara ya kwanza tuliharakisha. Siku zote halali ndani. Namkuta asubuhi ameketi nyuma ya jiko akitazama mahali pale, na nikimgusa bega ni baridi kama mtungi, mpaka jua limpate. Sijui kama amerudi kamili. Labda sehemu yake bado iko njiani, inatembea polepole. Nampikia na kumpakulia. Nikitaka aje kula namwita "wewe", na mpaka sasa kila nilipomwita, ameitika.